Hasira Iliyokata Mguu wa Ng'ombe

Masomo: Mwanzo 34, Mwanzo 49:5-7, Kutoka 21:28 hadi 22:15, Yoshua 20

Nawasalimu ninyi mnaokaa hapa kwenye makazi, na ninyi mnaolima kwa wenyeji upande wa Ludara, na wazee na wagonjwa wasioweza kufika ibadani, ambao mnasomewa jarida hili na wajukuu. Mungu ametulinda mwezi mwingine, tumshukuru.

Mwezi huu nilikuwa nimeandaa somo juu ya zaka na sadaka. Nimeliweka kando, na sababu wengi wenu mnaijua. Wiki tatu zilizopita, alfajiri, mbuzi jike wa mama mmoja mwenyeji alikutwa karibu na kijito, amekatwa kwa panga mshipa wa nyuma ya mguu. Hakuibiwa. Nyama yake haikuliwa. Aliyemkata alimwacha pale pale, hai, ili mwenyewe amkute. Ilibidi achinjwe siku ile ile, na tumboni mwake wakakutwa watoto wawili.

Mama huyo ni mjane. Ni yeye aliyezipa familia nne za kanisa hili kipande cha shamba lake walime maharage bila kodi. Na maharage hayo hayo ndiyo mbuzi wake aliyokula siku mbili kabla ya kukatwa.

Mpaka ninapoandika, aliyefanya hajajulikana. Wenyeji wanasema, "Ni wakimbizi." Vijana wetu wanasema, "Walianza wao." Maneno hayo nimeyasikia hata uwanjani kwa kanisa, yakisemwa na watu waliotoka kushiriki Meza ya Bwana nusu saa iliyopita. Ndipo nikaona siwezi kuwaandikia juu ya zaka.

1. WAGENI WALIOPEWA NAFASI

Tufungue Mwanzo 33 na 34. Yakobo alifika Shekemu akiwa mtu wa safari ndefu. Ametoka kwa Labani, amekutana na Esau kwa hofu, ana wake, watoto wadogo na mifugo iliyochoka. Akanunua sehemu ya shamba alipopiga hema yake, kwa vipande mia vya fedha. Katika sura ya 34, mstari wa 21, wakubwa wa mji wanawaambia watu wao langoni kwamba wageni hawa ni watu wa amani, wakae na wafanye biashara, kwa kuwa nchi ni kubwa na inawatosha. Ni kweli wakubwa hao walikuwa na tamaa yao pia, mstari wa 23 unaionyesha. Lakini nafasi waliitoa.

Kisha likatendeka jambo baya. Dina, binti Yakobo, alitendewa jeuri na mwana wa mkuu wa mji. Wapendwa, jambo hili tusilipunguze. Wapo kati yetu mama na dada wanaojua uchungu wake bila kuelezwa. Ndugu zake Dina walikuwa na haki ya kulia, na walikuwa na haki ya kudai. Lakini Simeoni na Lawi hawakudai haki. Walifanya hila kwa jina la agano la Mungu, wakaingia mjini watu wakiwa katika maumivu, wakaua kila mwanamume, wenye hatia na wasio na hatia.

Miaka mingi ikapita. Yakobo yuko Misri, ni mzee, anakaribia kufa, anawaita wanawe mmoja mmoja. Alipofika kwa Simeoni na Lawi alitaja mambo mawili. La kwanza, kwamba katika hasira yao waliua watu. La pili, kwamba kwa kujipendezea tu walikata mishipa ya miguu ya ng'ombe.

Niliposoma mstari huu chuoni nilishangaa. Mzee anakufa, pumzi zimebaki chache, damu ya mji mzima iko mbele ya macho yake, na bado anamkumbuka ng'ombe. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu ng'ombe yule anaonyesha kitu ambacho mauaji yenyewe yangeweza kukificha. Ukimuuliza Simeoni kwa nini aliua, atajibu, "Kwa ajili ya dada yangu." Lakini muulize kwa nini alimkata ng'ombe mguu. Ng'ombe alimfanyia nini Dina? Hapo hana jibu. Hapo unaona kwamba Dina alishasahauliwa siku nyingi, na iliyobaki ni hasira inayotafuta cha kukata.

Ndugu mmoja anayesoma sana Biblia ataniuliza: Je, Yoshua 11 haisemi kwamba Mungu aliamuru farasi wakatwe mishipa? Ndiyo. Hao walikuwa farasi wa vita, wa majeshi yaliyokuja kuwaangamiza Israeli, na Yoshua alifanya kwa amri, mchana, mbele ya watu. Hajapewa mtu yeyote ruhusa hiyo juu ya mbuzi wa jirani, usiku, kijitoni.

Sikilizeni pia alivyolia Yakobo katika 34:30. Anawaambia wanawe wamemfanya anuke mbele ya wenyeji wa nchi, na wao ni watu wachache. Mkimbizi anaelewa kilio hiki vizuri kuliko mwanachuo yeyote. Mkono mmoja unakata, makazi mazima yananuka.

2. TORATI INAMTETEA MWENYE MAHARAGE NA MWENYE MBUZI

Wengine wanadhani mchungaji anapohubiri juu ya mbuzi wa mwenyeji anawaambia wakimbizi wanyamaze. Hapana. Tusome Torati yote.

Kutoka 22:5 inasema mnyama akila shamba la mtu mwingine, mwenye mnyama atalipa, tena kwa mazao yaliyo bora ya shamba lake mwenyewe. Basi familia zile nne zina dai la kweli. Tangu mwaka 2023 WFP ilipoanza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi na kupunguza mgawo wa chakula, shamba dogo si nyongeza tena. Ni sufuria ya jioni. Maharage yaliyoliwa na mbuzi ni watoto waliolala bila kula, na Mungu ameyaona maharage hayo.

Kutoka 21:29 na 36 inamgeukia mwenye ng'ombe ambaye ameshaonywa kwamba mnyama wake ni mkali, naye hakumfunga. Huyo hawezi kusema "sikujua." Na sisi wenye mbuzi hapa makazini, neno hili ni letu. Kuna mbuzi wa washirika wa kanisa hili wanaojulikana kwa majina yao, kwa kuwa kila siku wako katika mhogo wa watu. Mwenye mbuzi wa namna hiyo asijitetee kwa kamba kukatika kila juma.

Lakini Walawi 24:18 na 21 inasema pia kwamba anayempiga mnyama wa mtu hata akafa atamlipa, mnyama kwa mnyama. Na Kutoka 23:4-5 inakwenda mbali zaidi: ukimkuta ng'ombe au punda wa adui yako amepotea, mrudishie, ukimwona punda wa mtu anayekuchukia amelala chini ya mzigo wake, usimpite. Angalieni, hasemi punda wa rafiki yako. Mungu anajua ya kuwa chuki tuliyo nayo kwa mtu hupenda kushuka juu ya mnyama wake, kwa sababu mnyama hawezi kujibu wala kutusemea kwa mwenyekiti. Kwa hiyo ameweka neno lake hapo hapo penye kishawishi.

Watu wa zamani nje ya Israeli nao waliliona jambo hili. Katika sheria za Hamurabi, mfalme wa Babeli, aliyeishi miaka zaidi ya 1700 kabla ya Kristo, mtu akikodi ng'ombe na kumharibu jicho alimlipa mwenyewe nusu ya bei yake. Jicho la ng'ombe lilikuwa na hesabu yake mbele ya mfalme.

3. SHERIA YA NCHI INAYOTUPOKEA INASEMAJE?

Vijana wameniambia, "Pasta, ni mbuzi tu, si mtu." Nataka mjue kwamba mahakama haisemi hivyo.

Sheria ya Adhabu ya Uganda ilianza kutumika tarehe 15 Juni 1950, wakati wa Waingereza, nayo imerekebishwa mara nyingi. Sheria za adhabu za Kenya na Tanzania ni ndugu zake wa tumbo moja. Ndani yake kuna kosa la jinai la kuua, kulemaza au kujeruhi mnyama wa mtu. Na haikuachia hapo. Inawataja kwa majina wanyama ambao kuwadhuru ni kosa zito zaidi: farasi, punda, nyumbu, ngamia, hata mbuni, ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kondoo, pamoja na watoto wao. Adhabu yake ni kifungo cha miaka, si cha siku.

Maneno hayo matatu, kuua, kulemaza na kujeruhi, yametoka mbali. Mwaka 1723 Bunge la Uingereza lilitunga sheria kali iliyomnyonga mtu aliyeua au kulemaza mifugo ya mwenzake kwa nia mbaya. Wakati ule watu walikuwa wakitoka usiku wamejipaka nyuso weusi wasijulikane. Sheria hiyo ya kitanzi ilidumu karibu miaka mia moja ndipo ikafutwa. Kitanzi kimeondoka, na ni vizuri kimeondoka, kwa sababu Torati yenyewe haikutoa uhai wa mtu kwa ajili ya mnyama. Lakini kosa limebaki vitabuni mpaka leo, kwa sababu tabia ya kwenda usiku imebaki.

Angalieni mambo mawili katika sheria hii. La kwanza, ni lazima tendo liwe la makusudi. Ukiwa unafukuza mbuzi shambani akaanguka shimoni, hukukusudia. Mnaweza kuzungumza habari ya fidia, lakini hilo si kosa hili. La pili, ni lazima liwe bila haki. Hapo wengi wanajidanganya. Wanadhani mbuzi akishaingia shambani amekuwa halali ya panga. La! Mbuzi akiwa shambani kwako bado ni mali ya mwenyewe. Una haki ya kudai mazao yako. Huna haki juu ya mguu wake.

Na sisi wakimbizi tusiseme sheria hii si yetu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, ile ile inayotupa haki ya kukaa, kufanya kazi na kutembea, inatuagiza kutii sheria zote za Uganda. Wala si jambo geni kwetu: hata Kongo, sheria ya adhabu ya mwaka 1940 inamwadhibu anayeharibu mali ya mwenzake kwa nia mbaya.

Lakini nchi hii imeacha pia mlango wa mapatano. Sheria ya Mahakama za Baraza za mwaka 2006 inaipa mahakama ya LC ya kijiji uwezo wa kusikiliza madai ya mali iliyoharibiwa, ndani ya kiwango kilichowekwa, na kuamuru fidia, mapatano, hata kuomba radhi. Fikirini hilo: kuomba radhi kumeandikwa katika sheria ya serikali! Na kama aliyefanya ni mtoto, Sheria ya Watoto inaruhusu kesi ya uharibifu wa mali isikilizwe kijijini, apatanishwe, aonywe, alipe, bila kuwekwa rumande. Kwa mtu mzima, jinai ni kazi ya polisi, na mwenyekiti hana uwezo wa kuifuta.

4. ULIMI WA MOTO MDOGO

Mnajua methali: hasira hasara. Ninyi mliotoka Ituri sihitaji kuwaeleza. Mwaka 1999 ugomvi wa mashamba kule Djugu, kati ya Wahema, wengi wao wafugaji, na Walendu, wengi wao wakulima, ulikuwa vita vilivyoendelea hadi 2003 na kuua maelfu ya watu. Mifugo iliporwa na kuchinjwa, vijiji vikachomwa. Wengine wetu tulipita njia zile na watoto mgongoni.

Na Kenya, kwenye mto Tana, mwezi wa Agosti 2012, ugomvi wa malisho, maji na mashamba kati ya Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji ulifika usiku wa kijiji cha Riketa. Kulipokucha walihesabiwa maiti karibu hamsini, wengi wao wanawake na watoto. Waliokuwa wakigombania nyasi mwezi wa saba hawakujua watazika watoto mwezi wa nane.

Sisemi hapa kwetu tumefika huko. Nasema tunajua njia hiyo inaanzia wapi.

Tena tuwakumbuke wenyeji wetu ni nani. Mwaka 1979 serikali ya Amin ilipoanguka, watu wa West Nile waliwindwa kwa sababu ya kabila lao. Walivuka mpaka kwa maelfu kuingia Zaire na Sudan, na wengi walikaa huko mpaka katikati ya miaka ya 1980 na zaidi. Walilima mashamba ya baba zetu. Wakakwa wako katika nchi tatu, Kongo, Uganda na Sudan Kusini, na mpaka uliochorwa na Wazungu haukuukata undugu wao. Mama mwenye mbuzi aliniambia kwamba yeye alivushwa kwenda upande wetu akiwa mgongoni mwa mama yake. Wenyeji wetu wanaijua roho ya mgeni, kama Kutoka 23:9 inavyowaambia Israeli. Ndiyo maana alitoa shamba.

Tulipokwenda kumpa pole, wazee wawili na mimi, nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba anarudisha shamba lake. Alitukalisha, akatupa maji. Akasema, "Shamba ni lenu mpaka mvune. Lakini aliyefanya hivi nataka nimwone uso." Hakuomba pesa. Aliomba uso.

5. NDAMA WA JIRANI YETU

Sasa nitawaambia jambo ambalo sijalisema madhabahuni, ili mtu asidhani nazungumza kama mtu asiyejua panga linavyokaa mkononi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, kule nyumbani. Ndama wa jirani alivunja ua mara tatu akaharibu karanga za mama yangu. Mara ya tatu sikumfukuza. Nilichukua jembe, nikamfuata mpaka kwenye kona ya ua ambako hakuweza kupita, nikampiga mguu. Nilisikia mfupa. Na nitawaambia ukweli: kwa muda mfupi nilifurahi. Kisha ndama akanitazama, akajaribu kusimama, akashindwa, na furaha yote ikaniishia.

Nilidanganya siku mbili. Siku ya tatu baba alinishika mkono, hakunipiga, akanipeleka kwa jirani. Akasema, "Mwanangu ndiye." Jirani alidai fidia, baba akalipa kuku sita na kazi ya siku kumi. Lakini akaongeza jambo ambalo halikudaiwa. Alisema nitamkatia ndama yule majani na kumletea maji kila asubuhi mpaka asimame. Nilifanya hivyo miezi minne. Jirani akaanza kunipa uji. Mwezi wa pili akanifundisha kumfunga ndama bamba za miti mguuni. Karanga za mama nazo alizilipa, kwa sababu baba, baada ya kukiri kosa langu, alipata kinywa cha kudai haki yetu.

Ndama alisimama, lakini hakupona sawasawa. Siku nilipoondoka kijijini kwenda chuo cha Biblia alikuwa ng'ombe mkubwa, bado anachechemea. Fidia ililipwa, msamaha ulitolewa, mguu haukurudi. Ndiyo maana Torati, sheria na baba yangu wote wanajaribu kutuzuia kabla ya kukata.

6. SHEKEMU ULIKUJA KUWA MJI WA NAMNA GANI

Yakobo aliilaani hasira ya Simeoni na Lawi, akasema watatawanywa katika Israeli. Na ikawa hivyo. Walawi hawakupata jimbo lao. Walikaa katika miji ya makabila mengine, wageni kati ya ndugu.

Lakini tazameni Mungu alivyofanya na laana ile. Miji arobaini na minane ilitolewa kwa Walawi, na sita kati yake ikawa miji ya makimbilio. Yeyote aliyeua mtu pasipo kukusudia alikimbilia huko. Alisimama langoni, akaeleza habari yake masikioni mwa wazee, nao wakampokea na kumpa mahali pa kukaa, mpaka asimame mbele ya mkutano ahukumiwe (Yoshua 20:4-6).

Sasa soma mstari wa 7, kisha uende 21:21. Mmoja wa miji hiyo sita ni upi? Ni Shekemu! Mji ule ule. Pale Lawi alipoingia na upanga na hila, pale alipokata mguu wa ng'ombe, wana wa Lawi walipewa walinde lango. Babu yao hakumuuliza mtu yeyote neno kabla ya kuua. Wao waliwekwa kumuuliza kila anayefika: Ulikusudia au hukukusudia? Eleza, tunasikiliza. Watoto wa hasira wakawa walinzi wa mahali ambapo hasira inasimamishwa.

Wapendwa, nasi tumetawanywa. Tunakaa katika nchi ambayo si jimbo letu. Inawezekana kabisa Mungu ametuweka hapa, pamoja na hasira zetu zote tulizobeba kutoka vitani, ili kanisa letu liwe lango la namna hiyo, ambapo mwenyeji na mkimbizi wanaweza kufika, kueleza, na kusikilizwa kabla ya panga.

7. BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, mnyama akiingia shambani, mfukuze au mkamate umfunge bila kumdhuru. Ita shahidi, mmoja wa upande wetu na mmoja wa wenyeji kama yupo. Hesabuni mashina yaliyoliwa siku ile ile. Peleka habari kwa mwenyekiti wa RWC na wa LC1. Madai yako yatakuwa na nguvu mikono yako ikiwa safi.

Pili, wenye mbuzi na nguruwe, funga mnyama wako kabla jirani hajapanda. Anayeona mzigo kununua kamba aje kwa mashemasi, kamba tunazo.

Tatu, wazazi, waulizeni watoto wenu kwa upole. Msimfiche mtoto, wala msimpige mpaka akakiri asichofanya.

Nne, kila mtu azuie ulimi wake. Nimesikia majina mawili yakitajwa bila shahidi. Jina la mtu likikatwa halisimami tena upesi.

Tano, familia zile nne zitapewa nafasi ya kueleza hasara ya maharage yao mbele ya wenyeviti wote wawili. Mama amekubali kusikiliza. Lakini mazungumzo hayo yatakuja ya pili, baada ya mbuzi.

Mwisho nakugeukia wewe uliyefanya. Sijui jina lako. Huenda unasomewa ukurasa huu ukiwa umekaa kati ya watu wa nyumbani mwako, unatazama chini. Labda ulikuwa na njaa, na labda ulikuwa na hasira ya mambo mengine kabisa, ya miaka mingine, ya watu wengine, na mbuzi ndiye aliyekuwa karibu. Najua hilo linawezekana, kwa sababu ya ndama yule.

Kanisa limechanga fedha za kutosha mbuzi jike mmoja, na mzee mmoja ameongeza mwana-mbuzi. Lakini sitapeleka mnyama huyo kwa mama badala yako, ili jina lako lipotee gizani. Zakayo alisimama mwenyewe, akasema kwa kinywa chake atakachorudisha. Nitakwenda pamoja nawe. Wazee watakwenda pamoja nawe. Utalipa sehemu yako kwa kazi, kidogo kidogo, nasi tutabeba sehemu iliyobaki.

Sikudanganyi. Siwezi kukuahidi kwamba polisi hawatakuuliza, maana sheria si ya kwangu. Ninachoweza kuahidi ni kwamba hutasimama langoni peke yako. Alfajiri yoyote kabla ya Jumapili ya pili ya mwezi ujao nitakuwa nimekaa chini ya mwembe nyuma ya kanisa, kabla watu hawajaamka kwenda kisimani. Njoo. Mama yule anataka kuona uso.

TUOMBE

Bwana Mungu, wewe uliyeihurumia Ninawi na kuwataja hata wanyama wake, tuhurumie na sisi. Umeona maharage yetu na umeona mbuzi wa mjane. Tuliza hasira tulizovuka nazo mpaka. Wape wenyeji wetu uvumilivu, uwalipe kwa nafasi waliyotupa. Mtie nguvu aliyekosa, aje. Utufanye lango la makimbilio katika nchi hii, kwa jina la Yesu Kristo, aliyekimbizwa Misri akiwa mtoto. Amina.

Ni mimi ndugu yenu na mkimbizi mwenzenu,
Mchungaji wenu katika Bwana